Kiungulia cha Fundi Pimamaji

Mume wangu watu wanamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ni fundi wa vigae, na ubishi wake wa usawa umewachosha wengi. Akikaribishwa kwa watu, kabla hajaulizwa hali ameshakodolea macho sakafu kutafuta kigae kilichozama. Hilo nimelizoea. Nilichoshindwa kukizoea ni mlio wa vidonge vikisagwa mdomoni mwake.

Vilikuwa vile vyeupe vya kutafuna, vya kiungulia. Alivibeba kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli, na ukifua nguo zake bila kukagua, beseni zima linageuka chokaa. Kila nilipomtajia hospitali jibu lilikuwa moja: "Gesi tu hiyo, mama watoto." Kaka yake, dereva wa lori, naye alikuwa na pakiti yake, na wakikutana waligawiana kama watoto wenye peremende.

Kazi ya vigae ni ya magoti. Fundi anainama kutwa, anagonga kigae kwa nyundo ya mpira, anainama zaidi kuchungulia mstari. Tumbo likiwa na chakula, kila anapoinama kinampanda na kumchoma kifuani. Pimamaji akajitungia tiba: mchana hali kitu. Anashinda na maji, jioni anarudi njaa imemshika barabara, anafuta sahani mbili zilizojaa, halafu anajinyoosha kitandani kabla hata vyombo havijatoka mezani. Alitembea kifua mbele, eti kiungulia amekipatia.

Jumapili moja tulikuwa tunakula mchana kwa kaka yake, watu wanapiga soga. Nikaona Pimamaji amenyamaza, mkono umeganda juu ya sahani. Akanywa maji, maji yakarudi. Akainuka na kutoka nje upesi. Nilimkuta ameinamia sinki la uani, mate yanamchuruzika, hawezi kumeza hata hayo mate, macho yamemtoka. Nikamshika mgongo tu, sikuwa na lingine la kufanya. Baada ya muda kipande cha nyama kikashuka chenyewe, naye akavuta pumzi.

"Imeanza lini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Siku hizi unachovya mkate kwenye chai mpaka unakuwa uji. Nyama yako unawapa watoto. Nami nikadhani ni huruma!"

Akafuta mdomo. "Muda sasa. Chakula kinakwama hapa." Akagusa katikati ya kifua.

"Kesho tunakwenda hospitali."

"Siendi. Na unajua kwa nini."

Nilijua. Baba yao alikuwa mtu wa kiungulia maisha yake yote. Mwishowe chakula kikawa hakipiti, akapelekwa hospitali amebaki mifupa mitupu, akaambiwa ni saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hakumaliza mwezi. Tangu hapo wanawe waliamini daktari ndiye aliyemmaliza mzee kwa kumwambia. Upuuzi mtupu, lakini mtu aliyeshikwa na hofu utamweleza nini?

Nilimweleza hivyo hivyo, pale pale kwenye sinki, kwa hasira. "Baba hakufa kwa kuambiwa. Alikufa kwa kuchelewa. Na mimi sipo tayari kuwa mjane kwa sababu ya ukaidi wako."

Kesho yake tukaenda.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole, lakini hakumung'unya maneno. Chakula kinachokwama, alisema, si gesi, na hakisubiri. Mume wangu akachomwa dawa ya usingizi, mpira mwembamba wenye kamera ukapitishwa mdomoni. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, nikisali sala zote ninazozijua na nyingine za kutunga.

Alipozinduka, daktari akatugeuzia skrini. Umio unaotakiwa kuwa laini ulikuwa na vidonda virefu vyekundu, na karibu na tumbo ulikuwa umebana. Tumbo lina ngozi ya kuistahimili asidi yake, alituambia, umio hauna. Asidi ikipanda miaka nenda miaka rudi, inachubua, kidonda kinaacha kovu, kovu linabana njia. Vidonge vya kutafuna vilizima moto kwa muda tu. Pale palipobana alikuwa amepapanua, na alikuwa amenyofoa vipande vidogo vya kupeleka maabara, kwa sababu ngozi ya sehemu ya chini ilikuwa imebadilika sura.

"Imebadilika kuwa nini?" mume wangu akauliza.

"Hilo ndilo tunalosubiri kujua."

Kungoja kule kulitumaliza. Jioni moja Pimamaji alirudi kazini akaniambia ameweka mstari mzima wa vigae uliopinda, na hakuona mpaka mwenzake alipomwonyesha. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Si saratani," daktari alisema kabla hatujakaa vizuri. Mume wangu akafunika uso kwa viganja akalia, nami nikalia, daktari akatusogezea tishu. Ngozi ile, alifafanua, kwa watu wachache huweza kugeuka saratani miaka ikienda, kwa hiyo atakuwa anarudi kwa kamera kila akiitwa. Dawa ameze asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Ale kidogo kidogo, mchana pia. Chakula cha jioni kikishaliwa, asilale mpaka muda wa saa tatu upite. Na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, maana kurundika mito hakusaidii.

Vita vilianzia kwenye kitanda. Mtu aliyeishi kwa usawa, umwambie alale kwenye mteremko! Alikata mbao, akazipanga chini ya miguu miwili ya kichwani, akapima na kupima tena. "Kama ni kuinama," akanung'unika, "basi kiinamie upande mmoja tu." Mwanzoni tuliamka tumeporomokea miguuni wote wawili, tunacheka kama wendawazimu. Kazini sakafu amemwachia mwenzake, yeye amechukua kuta za bafu na jikoni, ambako fundi anasimama. Zipo siku amejisahau akala hadi kuvimbiwa, na akajuta. Lakini kamera ya pili ilionyesha vidonda vimefunga.

Siku hiyo hatukurudi nyumbani. Alinipeleka moja kwa moja kwa kaka yake, tukamkuta amejilaza kwenye kochi baada ya kula, pakiti ya vidonge iko kifuani.

"Kaka, vaa twende kwa daktari wangu. Yupo mpaka jioni."

"Nikafanye nini? Mimi nina gesi tu, mdogo wangu, kama wewe."

"Chakula kinakukwama?"

Shemeji yangu akanitazama mimi, akatazama televisheni, nayo ilikuwa imezimwa.

"Kinakukwama, kaka?"

"Mkate," akasema taratibu. "Mkate na nyama."

Pimamaji akakaa pembeni yake, akamshika mkono. Sikuwahi kuwaona wakishikana mikono hivyo, hata kwenye msiba wa baba yao.

"Hiyo kamera inauma?" kaka mtu akauliza.

"Haiumi. Kungoja majibu ndiko kunakouma, na huko tutangoja wote."

Shemeji akaanza kupapasa chini ya kochi kutafuta viatu vyake.