Mwalimu na Mwisho wa Kitabu Chetu

Juzi nimemkuta binti yangu kapata riwaya mpya, na anaianzia ukurasa wa mwisho. Namuuliza ndiyo nini hiyo, ananijibu, "Mama, nisije nikapoteza muda bure." Nikapandwa na hasira, ndugu yangu, hasira isiyo yake hata kidogo. Ni ya Temeke, zamani za Mwingereza, na aliyeistahili alishakufa.

Mie si msomi, niliishia darasa la nne. Wapo wanaojua kueleza kwa nini kitabu kingine hakiwekeki chini. Mie najua tu kile kilichotushika sie.

Asubuhi wanawake walikusanyika barazani kwa bibi yangu kusuka ukili wa mikeka. Miyaa ya mkindu iliyochemshwa na rangi ilinukia mpaka njiani. Jirani yetu, mwanamke wa bara aliyesoma misheni, alitusomea kitabu alichoazimwa na mwalimu wa shule ya mtaani. Ndani yake binti kapanda treni na mwanamume asiyemjua vyema, kamwacha mama yake mlangoni. Pakikolea tu, jirani anafunga kitabu akaangalie chungu chake. Basi hapo kelele! "Utafia jikoni wewe! Soma!"

Bibi hakupiga kelele. Kila akiketi aliuliza neno moja, "Karudi?" Na wote walijua kwa nini. Mama yangu naye alipanda treni ya Tabora, mie nikiwa mdogo, na hata salamu hakuleta. Hakuna aliyelitamka hilo.

Siku moja mwalimu akatokea, jua la utosi. Nimtendee haki: mkewe alikuwa nasi, na nyumbani wali ulikuwa umeungua. Kitabu nacho kilikuwa chake. Angekichukua akaenda zake, nisingekuwa na neno.

Sie watoto tukamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Hakuitika. Akakitwaa mkononi mwa jirani.

"Hiki ndicho kinachotushindisha na njaa? Haya, niwamalizie. Harudi huyo. Anafia huko huko."

Ukili ukasimama mikononi mwa bibi.

"Mwalimu," alisema, "nani kakuuliza?"

"Mbona mwakasirika, bibi? Nimewafupishia."

"Kafupishe na huo wali wako," mkewe akamtupia, na hakuinuka.

Kawafupishia! Neno hilo linanichoma hadi leo. Labda namwonea, labda kwake kitabu kilikuwa kama hesabu, ukipewa jibu umemaliza. Lakini sie tulikuwa tunamngoja mtu, naye akaja kututangazia msiba, tena amesimama, viatu miguuni, juu ya mkeka wetu.

Bibi hakuketi tena barazani. Akawa anasukia uani, peke yake.

Baada ya siku kadhaa jirani akaingia uani mikono mitupu, akaketi, akaanza: "Binti akashuka kituoni, akauliza treni ya kurudi pwani inapita lini." Hata mie nilijua anatunga. Bibi alijua zaidi yangu. Akalowesha miyaa yake, akasikiliza mpaka binti kakata tiketi, kisha akamwambia taratibu, "Mwanangu, usimfikishe leo."

Baraza ile ilivunjwa, sasa pale ni duka la vipuri. Wasuka ukili siwaoni, na wa kukaa wakamngoja mtu wa kitabuni siwaoni pia. Mama hakurudi. Yule binti, hadi tunamzika bibi, alikuwa bado yuko njiani, anakuja.