Bawa Lililopita Katikati ya Marek

Ladislav Kovarik, ambaye watu wote wa mji mdogo wa Marek, Nebraska, walimwita Laddie, aliendesha lori la ng'ombe tangu ujana wake mpaka goti lilipogoma kukanyaga klachi. Aliwapakia ng'ombe kwenye mashamba ya kwao akawapeleka machinjioni Omaha, Denver na Kansas, na katika safari zote hizo alikuwa na adui mmoja tu, sheria. Kila jimbo lilikuwa na mizani yake, na kwenye kila mizani palikuwa na mtu wa kumwambia kwamba amezidisha uzito, amezidisha saa za kuendesha, au taa ya nyuma haiwaki. Njia za vumbi za kukwepa mizani alizijua kuliko nyimbo za kanisani, na wala hakuona haya kujisifia hilo.

"Serikali haijapandisha hata ndama mmoja kwenye lori," alizoea kusema, "halafu inataka kunifundisha mimi!"

Kwa hiyo binti yake Renae alipochukua leseni ya malori makubwa na kuingia kwenye mizigo mirefu isiyo ya kawaida, kazi ambayo nusu yake ni kusubiri vibali, Laddie alicheka mpaka akapaliwa. Kila akimpigia simu ilikuwa ni utani.

"Haya, mama, leo wamekuruhusu kupumua?"

"Kibali cha kupumua kinaisha jua likizama, baba. Sema upesi."

Siku moja ya mwezi wa tatu Renae alipiga simu na hakutania. Daraja la barabara kuu lilikuwa linakarabatiwa, na jimbo lilikuwa limembadilishia njia.

"Nina bawa la mtambo wa umeme wa upepo, na napita Marek. Nakata kona ya benki."

"Kona ya benki? Mimi tela langu la ng'ombe liliikwangua pale nikiwa na macho ya ujana! Utaiangusha benki, Renae."

"Watu wa jimbo wamekuja kuipima."

"Wameipima na nini? Na kijiko?"

Hata hivyo, siku yenyewe ilipofika, Laddie alikuwa wa kwanza kutoa kiti nje. Alikaa mbele ya duka la mikate, kolache, andazi la Kicheki lenye jamu ya plamu, mkononi, akimweleza kila apitaye jinsi binti yake atakavyokwama. Alasiri upepo ukaanza kuvuma. Mara habari ikaja kwamba msafara wa Renae umesimamishwa na askari pembeni mwa mji, penye maghala ya mahindi. Laddie akawasha gari lake kuukuu akaenda huko, matusi yamemjaa mdomoni.

Aliposhuka, yote yakamkauka.

Miaka mingi alikuwa ameiona mitambo ya upepo kwa mbali, vilimani, ikizunguka taratibu kama kitu cha kuchezea. Sasa bawa moja lilikuwa limelala mbele yake. Shina lake lilikuwa duara ambalo mtu mrefu angeingia bila kuinama. Kutoka hapo weupe ule ulikwenda, ukajipinda, ukaendelea kwenda, mpaka macho yakachoka kabla haujaisha. Akaanza kutembea kando yake. Katikati goti lilimlazimu kupumzika. Alipofika karibu na ncha, akasikia sauti. Bawa lilikuwa linavuma, taratibu, na ncha ikipanda na kushuka peke yake. Akaweka kiganja juu yake. Likatetemeka chini ya mkono wake kama ubavu wa mnyama aliye hai, naye akauondoa haraka, kisha akaurudisha.

Askari wa barabarani, Afisa Dahlgren, alikuwa amesimama hapo na kipimo cha upepo.

"Afande," Laddie alisema, sauti yake imepungua, "ni kona moja tu. Jua bado lipo."

"Jua lipo kidogo, upepo upo mwingi, mzee Kovarik. Ukilishika hili katikati ya kona, ya kwanza kuondoka ni benki. Ya pili ni wewe na kiti chako."

Renae akaja, glavu mkononi. "Baba, usinigombanishe na watu."

"Mimi ningepita."

"Najua ungepita," Renae alisema, na hakukuwa na dharau ndani yake. "Lakini ng'ombe wanajua kuegemea lori likikata kona. Hili halijui."

Laddie alikaa naye pale mpaka jua likazama.

Asubuhi upepo ulikuwa umekufa kabisa. Jua lilipopanda, Marek nzima ilikuwa barabarani, wengine na blanketi mabegani. Kwanza lilipita gari la kuongoza, fimbo ndefu imesimama mbele kupima waya za juu. Afisa Dahlgren akafunga njia kwa gari lake. Kisha Renae akaja, polepole kuliko mtu anayetembea, akapita kona kana kwamba hakuiona, halafu kichwa cha lori kikaanza kukata. Nyuma kabisa mtu mmoja alitembea kwa miguu, akiyageuza magurudumu ya mkia kwa kidude alichoshika mkononi.

Bawa lilielea juu ya bustani ya mahakama, mkabala na benki, kivuli chake kikapita juu ya nyuso za watu mmoja mmoja, nao walinyanyua vichwa kulifuata. Kwenye ukuta wa benki ilibaki nafasi ya kiganja. Laddie aliona uso wa binti yake kwenye kioo cha pembeni. Haukutazama umati. Midomo ilikuwa ikisema na redio, na macho hayakupepesa. Laddie alikuwa amevua kofia bila kujua amevua saa ngapi.

"Huyo si Renae wako?" jirani alimnong'oneza.

Laddie aliitikia kwa kichwa tu. Ncha ikaiacha kona, ukuta haukuguswa, na hakuna aliyepiga makofi mpaka weupe ule ulipopotea nyuma ya miti ya kaskazini.

Baadaye simu ililia.

"Nimesimama kukagua minyororo," Renae alisema. "Umeona, baba?"

"Nimeona." Alikausha macho kwa mkono wa koti. "Kagua vizuri, mama. Usiharakishe."