Nilivyomsifia Mpwa Wangu kwa Meneja wa Ndege

Jamani, leo nimempatia mpwa wangu Petro kazi ya kurusha ndege za abiria, kwa mdomo wangu tu!

Uongo. Nimemkosesha.

Petro amefuzu juzi ualimu wa urubani, lakini roho yake iko kwenye ndege kubwa. Leo meneja wa shirika la ndege kapita Mwanza, tukamfuata kiwanjani.

Petro akajibu maswali kwa upole. Mimi niliyeishia darasa la pili nikaona hajisifu vya kutosha. Mshenga gani hunyamaza?

"Ndugu Meneja, huyu akifundisha, hata ng'ombe ataruka!"

Meneja akacheka. Nami nikacheka. Petro hakucheka.

"Basi mwalimu kama huyu hatumwondoi, mzee wangu. Taifa halina walimu. Abaki chuoni."

"Mpaka lini?" Petro akauliza.

"Mpaka tupate mwingine kama wewe."

Nikageuza maneno haraka: ni mvivu, tena mlevi!

"Kwaheri, mzee," akasema meneja, akapanda ndege yake.

Tangu hapo Petro amekaa kwenye mawe ya Pasiansi, njia ya kiwanjani. Namwita, hageuki.

Masanja jirani yangu, ulioa umevaa koti nililokuazima na hata asante sijaipata. Nenda ukakae naye mpaka akubali kurudi nyumbani.

Usimwambie nimekutuma.