Gari Nililoliona Kwanza

Kwa miaka miwili nilitafuta gari la aina moja tu, la Kijerumani, ambalo kiwanda chake kilikuwa kimeshafungwa. Kwa kukosa vipuri lilikuwa likiuzwa rahisi, na mshahara wangu wa ukarani Kilembe ungelitosha. Hatimaye nililikuta sokoni Bwera, mpakani, kwa mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa na rafiki yangu, dereva wa lori. Nikamwacha pale, nikaenda Kasese kuchukua pesa.

Sokoni pale, mnunuzi anayefuata pesa huacha nguo yake juu ya kitu anachokitaka. Mimi nililionea huruma koti langu jipya. Niliporudi kesho yake, koti la rafiki yangu lilikuwa juu ya usukani.

"Gari hii iko na mwenyewe," mfanyabiashara akasema. "Weye uliacha nini?"

"Nililiona mimi kwanza."

"Macho haiachi alama, ndugu yangu."

Rafiki yangu akafika na pesa, akalipa, akanifungulia mlango. "Panda, bwana, usinune."

Nikapanda. Njia nzima niliomba injini izime. Ilinguruma vizuri mpaka mlangoni kwangu, nami nikalazimika kumshukuru.