Mpaka Uliokataa Kufunga

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa bado msichana, katika ofisi ya mpimaji ardhi mjini Machakos, nilionyeshwa kompyuta. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kalamu ya wino na karatasi. Msimamizi wa Wachoraji, mama asiyependa maneno mengi, alichora umbo kwenye skrini akaniuliza, "Hii ni nini?"

"Ni mraba."

"Bado. Hii ni mistari tu, imekaribiana."

Akaiunganisha mistari ile ikawa uzi mmoja, ambao sisi huuita polilaini, akaufunga mwisho kwa mwanzo, kisha akaugeuza kuwa eneo. "Sasa iko na ndani na nje," akasema. "Sasa unaweza kuiuliza ukubwa wake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu miaka yote. Mtu akinunua shamba la jirani, tuliyajumlisha maeneo mawili yakawa moja. Barabara ikipita shambani, tulichora eneo la barabara tukalitoa katika shamba, na kilichobaki ndicho kilichokuwa chake. Mistari isipogusana, hata kwa unene wa unywele, kompyuta inakataa. Hapo unakuza mchoro, unafuata mpaka polepole hadi ulione pengo.

Msimamizi alipohamia Athi River, nilipewa kiti chake, nikawa chini ya Mpimaji Mkuu mwenyewe. Alikuwa mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Ndipo ikaja kazi ya kijiji cha Ndithini.

Ndugu wawili, Kyalo na Muli, walitaka kugawana shamba la marehemu baba yao. Mama zao walikuwa wake wenza. Mama yake Muli alikuwa amefariki. Wale ndugu walikuwa hawasalimiani. Mpaka ulikuwa safu ya makonge aliyopanda baba yao, na vijana wetu waliupima wakaniletea vipimo. Nilipochora, eneo lilikataa kufunga. Makonge yalikatika karibu na kisima, yakaanza tena upande wa pili.

Kuvuta mstari ulionyooka kungechukua muda mfupi sana. Lakini niliona kwamba kisima chote kingeangukia kwa Muli. Nikamwita Mpimaji Mkuu.

Akautazama mchoro. "Usifunge," akasema. "Twende tuulize."

Tulimkuta mama yake Kyalo akipepeta pojo. Mpimaji Mkuu alimsalimu, akaketi, akamuuliza, "Mwaitu, mama yetu, kwa nini mzee hakupanda makonge pale kisimani?"

"Tungepitia wapi?" mama akajibu. "Mimi na mwenzangu tulikuwa tunateka maji pamoja. Ni hawa watoto wametuletea mambo ya hii ni yangu."

Kyalo alisimama mlangoni. Muli alikuwa amekuja hadi kwenye makonge, akakataa kuvuka.

Wiki iliyofuata waliitwa ofisini pamoja na mama. Nilichora duara kuzunguka kisima na njia ya kwenda barabarani, nikaviunganisha vikawa eneo moja, kisha nikalitoa katika mashamba yote mawili. Nikapaka rangi kila kipande: kijani cha Kyalo, manjano ya Muli, buluu ya wote.

"Mnanikatia shamba," Muli akasema. "Njia yote imepita kwangu."

Alikuwa na haki. Nilishika kona za njia, nikazisogeza moja moja hadi ikafuata mpaka, nusu huku na nusu kule. Kompyuta ikakokotoa upya. Muli akasogeza kiti karibu na skrini. Kyalo naye akasogea, mabega yao yakagusana, na hakuna aliyejiondoa.

"Hapo kuna mwembe wangu," Kyalo akasema.

"Basi ipinde kidogo," Muli akaniambia. "Asikate mti."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyosikia mmoja akisema kwa ajili ya mwenzake. Mama alikuwa analia polepole, na Mpimaji Mkuu alijifanya anatafuta miwani.

Nilistaafu macho yalipoanza kuchoka. Siku hizi programu huziba mapengo yenyewe: unaiambia pengo la ukubwa gani lihesabiwe kuwa limefungwa, nayo inaendelea. Ni msaada mzuri, nami niliutumia. Ninachowaambia wachoraji wachanga ni kwamba pengo lingine ni kosa la kipimo, na lingine liliachwa na mtu kwa makusudi. Ukiwa kwenye kiti huwezi kujua ni lipi.

Juzi nilikwenda Ndithini kwa mazishi ya Kyalo. Muli ndiye aliyekuwa akibeba mitungi kutoka kisimani kupeleka kwa wapishi, shati limelowa mgongoni. Hakunitambua. Aliniona nimesimama juani, akatua mtungi.

"Mama, umepata maji ya kunywa?"

Nikamwambia bado. Akanijazia kikombe, akangoja hadi nikamaliza.