Bilhah wa Roret na farasi aliyekataa chuma mdomoni

Saa moja na robo asubuhi, ukungu bado umelalia majani ya chai ya Roret, na Bilhah Kerubo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya boma la farasi. Hafanyi kitu. Mikono ameiweka mapajani, mgongo amempa farasi. Anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, kisha ananyamaza.

Hii ndiyo kazi yake, na ameajiriwa kuifanya.

"Usimwangalie machoni," anamwonya mwandishi huyu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kupanda mnyama yeyote na ambaye wakati huo anatafuta tu lango liko wapi. "Angalia chai. Jifanye umekuja kuona chai."

Akina mama wanaopita njiani na vikapu vya majani, wakielekea kituo cha kupimia, wameshamzoea, lakini hawachoki kumchokoza.

"Mama Vinny, leo tena unalipwa kukaa?" mmoja anapaza sauti.

"Na wewe unalipwa kuniangalia?" Bilhah anajibu bila kugeuka. Wanacheka mpaka wanapotelea bondeni.

Dakika kumi na mbili zinapita. Ndipo farasi, mkubwa, wa rangi ya kahawia na baka jeupe usoni, anapojongea taratibu na kuweka pua yake begani mwa Bilhah. Farasi anashusha pumzi. Bilhah naye anashusha. Kusema kweli, mwandishi pia anashusha.

"Umeona?" anasema, uso wote ukicheka. "Sijamwita. Sijamvuta. Amekuja mwenyewe, huyu bwana."

Huyu bwana anaitwa Jemadari, na leo ni Alhamisi. Jumapili hii ndiyo itakayoamua kama atabaki Roret au atapelekwa kuvuta mkokoteni wa mawe kwenye machimbo.

Jemadari alikuwa farasi wa mashindano kule Nairobi. Mbio zilipomshinda aliuzwa kwa Johana Koech, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mkulima wa chai, aliyetaka farasi wa kuwatembeza wageni mashambani. Mzee Johana anawajua ng'ombe kuliko anavyojua kiganja chake. Kumbe hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

"Sisi huku ng'ombe tunamfuata kwa nyuma na kafimbo," anaeleza, akijicheka mwenyewe. "Mimi nikafanya vilevile. Nikaenda nyuma ya farasi, nikamgusa kidogo, nikasema twende. Wacha tu! Nilijikuta kwa shimo la mbolea."

Alipofaulu kumpanda mambo yalizidi kuwa mabaya. Jemadari alikuja na lijamu, kile chuma kinacholala juu ya ulimi wa farasi na kuvutwa kwa kamba na mpandaji. Mzee alivuta asimame. Farasi akarusha kichwa kwa maumivu. Mzee akavuta zaidi. Safari iliishia ndani ya chai, na mfupa wa bega la Mzee Johana ukavunjika. Tangu siku hiyo, mwaka mzima na zaidi, hajatia mguu ndani ya boma la farasi huyo.

Bilhah alipomfungua mdomo kwa mara ya kwanza alikuta kovu kwenye ulimi na vidonda pembeni mwa midomo.

"Nilikasirika, haki," anasema. "Watu wote walikuwa wanasema huyu farasi ni mkali. Mkali wapi? Huyu alikuwa anaumwa. Hata wewe ukiumwa jino, utaongea na mtu vizuri?"

Bilhah ana miaka arobaini na tatu. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja kubwa la chai karibu na Kericho. Baba yake, Obure, aliyetoka Kisii kutafuta kazi, alikuwa saisi, yaani mtunza farasi wa mameneja. Mzee Obure alimfundisha bintiye jambo moja tu: kabla hujafanya lolote, soma masikio ya farasi. Yakielekea mbele, anakusikiliza. Yakilala nyuma, kaa mbali.

Lakini farasi wa mameneja waliondoka, na Bilhah akaingia kwenye chai. Alichuma kwa miaka kumi na saba, kilo thelathini na kitu kwa siku, mvua na jua. Halafu zikaja mashine za kuchuma.

"Mashine moja ilifanya kazi ya watu wengi," anasema, "na mimi nilikuwa mmoja wa hao wengi."

Aliposikia kwamba kuna mzee Roret ana farasi aliyemshinda, alifunga leso kichwani akaenda kuomba kazi. Mzee Johana alimwuliza ana ujuzi gani. Akamwonyesha vidole.

Mwandishi alidhani ni utani, mpaka alipoviona vikifanya kazi. Mchumaji hodari hachagui kwa macho. Vidole vyenyewe vinatafuta majani mawili na chipukizi, vinavunja, vinahama.

"Ukivuta chai kwa nguvu unaumiza kichaka, na kesho hakikupi kitu," anasema. "Unakata tu, tik! Sasa kama kichaka kinataka mkono mwepesi, mdomo wa huyu mtu je?" Farasi, kwa Bilhah, ni mtu.

Alimpelekea Arasa, fundi viatu wa soko la Roret, mchoro wa hatamu isiyo na chuma: mikanda ya ngozi inayopita juu ya pua na chini ya taya, basi. Mpandaji akivuta kidogo, farasi anahisi mguso usoni, ulimi wake hauguswi. Arasa aliuliza ni ya nani. Alipoambiwa ni ya farasi, akauliza anavaa namba ngapi.

Kisha zikaanza siku za kukaa juu ya ndoo. Wiki tatu nzima Bilhah hakumfunga Jemadari hata kamba. Aliimba tu, kwa kuwa yeye huimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa la Sabato, na kwa sababu alitaka farasi ajue yuko wapi bila kushtuka. Kidogo kidogo wimbo ukawa ndio lugha yao. Akiimba, Jemadari anatembea naye. Akinyamaza, Jemadari anasimama. Anayempanda ana njia ya pili ya kumsimamisha: analegeza kamba, anakaa kwa uzito na kutoa pumzi ndefu.

"Watu wanafikiri kusimamisha farasi ni kuvuta," anasema. "Ukimvuta anajua unaogopa. Ukilegea, na yeye analegea."

Mzee Johana alimpa miezi mitatu, na miezi hiyo inaisha. Mnunuzi wa machimbo anakuja Jumatatu. Bahati njema, au mbaya, ikaja kwa jina la Seth Oyaro, mwalimu wa shule ya msingi huko Chepilat, aliyemwahidi mchumba wake Moureen kwamba siku ya harusi atafika kanisani juu ya farasi.

"Jemadari akimfikisha mwalimu bila fujo, mnunuzi namwambia arudi kwao," Mzee Johana anasema akiwa nje ya ua. "Akileta fujo, Mama Vinny asinilaumu. Mimi siwezi kuweka mnyama wa kuvunja watu mifupa."

Bilhah anasikia. Anaendelea kumchana farasi shingo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mashine iliponitoa kazini nililia siku moja, ikaisha," anasema hatimaye. "Lakini huyu akienda kuvuta mawe na chuma mdomoni, nitalia mwaka. Nilimwambia hakuna mtu atamuumiza tena. Nilimwambia hapa, kwa sikio."

Jumapili, saa nne asubuhi, Chepilat imejaa. Wakisii wamepanda kutoka upande wao, Wakipsigis wamekuja kutoka kwao, na wote wanataka kumwona mwalimu aking'ang'ania mgongo wa farasi. Jemadari ameshuka kwenye lori la ng'ombe bila matata. Amepita pikipiki, miavuli na maputo. Wanawake wanapiga vigelegele vya kupasua masikio, yeye anatafuna majani.

"Vyote tulimzoesha," Bilhah ananong'ona, akitembea pembeni yake bila kumshika. "Sufuria, tarumbeta, kila kitu."

Seth, ambaye amefanya mazoezi mara sita, amekaa wima ndani ya suti yake ya bluu, jasho likimtiririka. Mzee Johana anafuata kwa nyuma, mbali, ameshika mfuko wa plastiki. Ndani kuna lijamu. "Ni ya dharura tu," anasema, bila kumtazama mtu machoni.

Wanafika kwenye ua wa kanisa, lilipo hema kubwa lenye mapambo meupe. Bilhah, aliyekuwa akimwimbia njia nzima, ananyamaza, na Jemadari anasimama palepale, kama walivyopanga. Watu wanapiga makofi. Seth anaanza kuinua mguu ashuke.

Ndipo kwaya, watu arobaini ndani ya hema, inapopasua wimbo wa kumkaribisha bwana harusi.

Masikio ya Jemadari yanaelekea mbele. Wimbo! Wimbo maana yake ni twende. Na Jemadari, mwanafunzi mwema kuliko wote, anakwenda.

Anapita chini ya upinde wa maua. Anaingia ndani ya hema, katikati ya viti, mwendo wa heshima kabisa, na bwana harusi juu yake akiwa na mguu mmoja tu mahali pake. Kina nyanya wanabeba viti vyao. Mchungaji anakumbatia Biblia. Mbele kabisa, meza ya keki ya ngazi nne inasubiri.

"Jamani, kwaya!" Bilhah anashika kichwa. "Nilisahau kwaya!"

Anampungia mikono kiongozi wa kwaya, Opiyo, anyamazishe watu. Opiyo anaona mama mwenye furaha anayeomba sauti ipande. Anaipandisha. Besi zinangurumisha hema. Seth anashikwa na woga na kuvuta kamba kwa nguvu, na Jemadari, kwa mara ya kwanza siku hiyo, anarusha kichwa juu.

"Nilisema mimi!" Mzee Johana anakuja mbio, chuma kikiwa mkononi. "Mama Vinny, mtie hiki!"

Bilhah anasimama mbele yake, mikono ameitandaza. Ni mwanamke mfupi, na mzee ni mwajiri wake. "Hapana, mzee. Ukimwonyesha hicho sasa hivi, tumekwisha sote." Kisha anageuka na kupaza sauti kumshinda Opiyo na watu wake arobaini: "Mwalimu! Wacha kamba! Kaa kama gunia la viazi! Toa pumzi!"

Seth anamwangalia kama mtu aliyeambiwa aruke kutoka juu ya mti. Halafu anafumba macho. Anafungua vidole. Kamba inalala. Mabega yake yanashuka, na pumzi anayoitoa ni ndefu hivi kwamba inaonekana hata na waliokaa nyuma.

Jemadari anasimama.

Kwaya bado inaimba kwa nguvu zote. Farasi anatega sikio moja kwa kwaya, sikio moja kwa mtu aliye mgongoni, anafikiri, na anamchagua huyo. Miguu haisogei. Keki iko hatua mbili mbele ya pua yake, na haigusi.

Vigelegele vilivyofuata, mwandishi hana namna ya kuvielezea. Moureen, aliyekuwa akichungulia kutoka kwenye gari la maharusi, alicheka mpaka wasimamizi wakampaka uso upya. Mchungaji, akiisha kurudisha Biblia mahali pake, alisema leo kuna aliyewahi kanisani kuliko wengi wao. Bilhah aliegemea shingo ya Jemadari na kulia mbele ya watu mia nne bila aibu hata kidogo.

"Mimi mwimba kwaya," alikuwa akirudia huku akijifuta kwa leso. "Mimi mwimba kwaya nimesahau kwaya!"

Mzee Johana alitoa simu papo hapo, kando ya hema. "Usije kesho," alisema. Akasikiliza. "Hapana, hauzwi. Nimesema hauzwi. Wewe, huyu farasi amesimama mbele ya keki!"

Siku tatu baadaye mwandishi anarudi Roret na kumkuta Bilhah akiwa na mipango mingi kuliko anayoweza kuitaja kwa pumzi moja. Harusi nne zimeuliza. Wachumaji wawili wa zamani, Tecla na Vivian, waliotolewa kazini mwaka mmoja naye, wameanza kuja asubuhi kujifunza. Anataka wafike sita, na farasi wafike wanne, wote bila chuma.

"Wageni wanakuja kuona chai yetu," anasema. "Mimi nataka waione wakiwa juu ya farasi. Na wanaowaongoza wawe akina mama walioichuma, wanaojua kila kichaka. Mashine haiwezi kumwambia mgeni kitu."

Anakatizwa na mlio wa lango. Ni Mzee Johana. Amevua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu avunjike bega, anaingia ndani ya boma. Hana fimbo, hana kamba. Anasimama katikati, mikono wazi, macho kwenye chai, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Jemadari anamtazama kutoka upande wa pili. Dakika kumi, pengine kumi na tano. Kisha anapiga hatua moja kumwelekea. Ya pili. Ya tatu. Hapo anasimama, na haendi zaidi.

Mzee Johana anageuza kichwa polepole, amenywea. "Amekataa?"

"Hatua tatu, mzee," anasema Bilhah. "Mimi wiki ya kwanza sikupata hata moja."

Mzee anaangalia zile hatua tatu kwenye tope, anazihesabu kwa kidole, moja moja. Anavaa kofia yake.

"Basi kesho nitakuja mapema," anasema.