Saulo Ajifunza Gitaa Nyuma ya Ukuta

Ulimi wa Saulo ulikuwa na tabia ya kutangulia, halafu mwenyewe anafuata nyuma akihema. Alikuwa fundi viatu mjini Mbeya, mtu wa miaka hamsini na ushee, na tabia hiyo haikuwahi kumharibia kazi, maana mteja wa viatu hana haja ya kuamini maneno ya fundi. Anataka soli tu. Lakini mwaka ule wa hamsini na sita, karibu na Krismasi, walikuja wageni kutoka Iringa kumposa binti yake Evarista. Kati yao alikuwamo mjomba wa kijana, Mhehe mmoja mrefu aitwaye Silvester, mwenye koti la kijeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, na macho ya kukagua nyumba ya watu kama anayetaka kuinunua.

Mahari yakazungumzwa, ndizi zikaliwa, chai ikanywewa. Silvester akainua macho, akaliona gitaa ukutani.

"Na hili? Nani analipiga hapa?"

Gitaa lilikuwa limeletwa na Danieli, mtoto wa kwanza wa Saulo, aliyelinunua kwa Mnyasa mmoja huko kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi. Danieli alikuja nalo likizo, akalitundika sebuleni, akarudi machimboni. Tangu hapo, kwa jinsi Saulo alivyojua, gitaa lilikuwa na kazi moja tu: kuficha ufa.

"Mimi," akasema Saulo.

Mkewe Sekela, aliyekuwa anakusanya vikombe, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Wewe?" Silvester akacheka. "Mzee mzima?"

"Uzee uko miguuni, bwana. Vidole havizeeki. Siku ya harusi msihangaike kutafuta bendi. Nitapiga mwenyewe."

"Haya, tumesikia sote! Nitawaita watu wa Iringa nzima waje wakuone. Sisi tulidhani Wanyakyusa mnajua kupiga porojo tu."

Wageni walipoondoka, Evarista akatoka uani, macho mekundu.

"Baba, wewe ukishapiga hilo gitaa lako utapanda basi urudi Mbeya. Mimi ndiye nitakayebaki Iringa na kicheko chao. Nikienda kuteka maji, nikienda sokoni, nikienda kanisani: huyo ndiye mtoto wa yule mzee. Umenifikiria lakini?"

Hakuwa amemfikiria. Na kwa kuwa alimpenda binti yule kuliko sauti yake mwenyewe, ambayo nayo aliipenda sana, aliamua usiku ule ule kujifunza kupiga.

Kesho yake akamwendea Bushiri, kijana wa mjini aliyepiga gitaa kwenye bendi ya dansi, nywele kazichana njia katikati na viatu vinang'aa kwa kazi ya Saulo mwenyewe. Bushiri akaja, akaketi, akavitazama vidole vya mzee, vilivyokomaa kwa sindano ya viatu na nyuzi za nta.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "hivi ni vidole au mihogo?"

Akaonyesha mambo matatu kwa haraka ya mtu anayefukuza nzi, akamwambia Saulo ayarudie, akasikiliza kidogo, akasema, "Utaweza, inshallah," kwa ile sauti wanayosemeshwa nayo wagonjwa. Toka siku hiyo Bushiri akimwona Saulo upande huu wa barabara, yeye anavukia ule.

Siku zikaenda. Alasiri moja mvua ikamfukuza Saulo kibarazani pake pa kazi, akarudi nyumbani mapema. Alipofika uani akasikia gitaa linapigwa ndani ya nyumba yake. Tena linapigwa hasa! Nyuzi nene zinatembea polepole kama mama mtu mzima anayerudi gulioni, na zile nyembamba zinamkimbilia mbele na nyuma kama watoto wanaoomba miwa.

Akajua mara moja ni nani, na kwa sababu hiyo hiyo hakuweza kuingia.

Alikuwa Damari, mke wa Danieli, aliyekaa nao mumewe akiwa machimboni. Sasa, kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawasemeshani, hawapishani njiani, na mmoja akitokea huku, mwingine anatokomea kule. Hiyo ndiyo heshima. Huko kwao Rungwe ni jambo jepesi, kwa kuwa wazee wana kijiji chao na vijana wana chao. Lakini mjini, kwenye nyumba ya vyumba vitatu na ua wa kugeuzia kuku, heshima ile ilihitaji ufundi. Ufundi wa Saulo ulikuwa kukohoa. Alikohoa kwenye lango, akakohoa tena mlangoni, na Damari akisikia anajitanda khanga na kutokea mlango wa nyuma. Majirani walimhurumia mzee kwa kifua kibovu. Miaka minne waliishi hivyo, na Saulo alichokuwa anakijua kwa mkwewe ni kisigino tu, tena kikiwa kinaondoka.

Siku ile alisimama kwenye mvua, hakukohoa. Alisikiliza mpaka maji yakampenya kwenye shati, ndipo kikohozi cha kweli kikaja chenyewe. Muziki ukakatika, sufuria ikaanguka, mlango wa nyuma ukabamizwa.

"Mama Danieli," alimuuliza mkewe jioni, "yule alijifunzia wapi?"

"Kaka yake alirudi na gitaa kutoka kwenye migodi ya shaba. Wamepiga tangu utotoni. Kila siku ukiwa kazini analipiga. Kwani wewe ulidhani Danieli alimletea nani gitaa? Ulidhani alikuletea wewe?"

Saulo alikuwa amedhani hivyo. Akasema, "Basi anifundishe."

"Saulo, umekunywa?"

"Sijamwona, hajaniona. Ukuta si upo?"

Ukuta ulikuwepo, wa matofali mabichi. Basi wakapanga hivi: Saulo sebuleni, Damari chumba cha ndani, na Sekela mlangoni, kashika pazia. Damari alisema na mama mkwe wake, mama mkwe akasema na mumewe. Ukuta wenyewe haukuzuia hata chafya, na Saulo alisikia kila neno likitamkwa. Lakini alingoja liletwe, kwa kuwa hakuwa ameambiwa yeye.

"Mama, mwambie mwenye nyumba kidole cha shahada kikae uzi wa pili, karibu na kichwa cha gitaa."

"Anasema kidole cha shahada, uzi wa pili, karibu na kichwa."

"Mwambie nimeweka."

"Anasema ameweka."

"Mama, mwambie hajaweka. Nasikia hapa."

"Mwongo wewe, hujaweka!"

Kila somo gitaa lilimfikia Saulo kutoka kwa Damari, chini ya pazia, na mambo yakikwama kabisa Sekela alilichukua, akalipitisha tena, Damari akaupiga wimbo wote, na gitaa likarudi. Saulo akalipokea likiwa bado na joto la mikono ambayo hakuwahi kuiona, akafumba macho na kuanza kuitafuta ile sauti kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

"Nimeolewa nikawa mke," Sekela alimlalamikia jirani yake, "nikawa mama, nikawa mama mkwe. Sasa wamenifanya simu."

Mihogo nayo ikaonyesha faida yake. Vidole laini vya wanafunzi wengine huvimba na kutoka damu. Vya Saulo vilikwisha kuwa sugu zamani, havikusikia kitu. Pasaka ilipokaribia, wimbo mmoja ukakaa. Mmoja tu, wimbo wa kusindikiza bibi harusi ambao Damari na kaka yake waliutunga wenyewe. Ulimi ukatangulia tena: kila mteja aliyeleta kiatu aliambiwa kwamba fundi amejifunza gitaa mwenyewe, kwa kichwa chake, bila mwalimu. Nyuma ya pazia Damari alizisikia habari hizo, akaendelea kufundisha. Heshima.

Wakasafiri kwa basi kwenda Iringa harusini, Saulo mbele, Damari viti vya mwisho kabisa, na Sekela katikati yao akiwa mpaka wa nchi. Mvua za masika zilikuwa zimeigeuza barabara kuwa uji. Basi liliteleza, likaruka, likanasa, abiria wakashuka kusukuma, wakapanda, likaruka tena. Saulo alilikumbatia gitaa njia nzima kama mtoto mwenye homa. Pale Sao Hill baridi ilimfanya alifunike kwa koti lake, yeye akatetemeka.

Silvester alikuwa ametimiza ahadi. Baada ya kanisa, ua wake ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya uzio. Ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa unamwagika, ndio msimu wake. Wanawake wa jikoni walikuwa nyuma ya ua wa matete, na Damari akiwa kati yao, kwa hiyo upande ule Saulo hakuugeuzia uso. Akawekewa kiti katikati. Evarista alikuwa mbele yake, shela nyeupe, mikono imekazana mapajani.

Saulo akapiga.

Ikatoka sauti ya kabati la vyombo linaloanguka. Akapiga tena, likaanguka kabati la pili.

Akatazama mikono yake. Vidole vilikuwa mahali pake, vyote. Ndipo ilipomjia, polepole, jambo ambalo mwanafunzi mwingine yeyote duniani angeliona siku ya kwanza kwa macho yake: gitaa hulegea, na kabla ya kupigwa lazima nyuzi zikazwe na kupatanishwa. Yeye kila siku alilipokea kutoka chini ya pazia likiwa limekwisha tengenezwa. Alidhani limezaliwa hivyo. Akashika kifungo kimoja kichwani mwa gitaa, akakizungusha, mambo yakawa mabaya zaidi.

"Kamwene, mzee!" Silvester akaamkia Kihehe, kwa sauti ya kusikiwa hadi barabarani. "Wimbo umeanza, au bado unalichinja?"

Ua mzima ukacheka. Ulimi wa Saulo ukawa tayari na uongo wa aina tatu: baridi ya Iringa, utundu wa basi, na mtu fulani mwenye koti la kijeshi aliyeligusa gitaa Saulo alipokuwa anakula. Akafungua kinywa. Akamwona Evarista, ameinamisha uso kama mtu anayesubiri jiwe.

"Mimi sijui kulitengeneza," akasema Saulo. "Mwalimu wangu ndiye hulitengeneza."

"Ulisema umejifunza mwenyewe!" akapaza sauti mmoja wa wageni wa Mbeya.

"Nilisema uongo. Amenifundisha mke wa mwanangu. Yuko huko nyuma ya matete. Mimi na yeye hatuonani, kwa hiyo sijapata kuona jinsi anavyofanya. Mama Danieli, mpelekee. Mwambie... mwambie namwomba."

Sekela akalichukua gitaa, akavuka ua mzima taratibu, kichwa juu, akapotelea nyuma ya matete. Zikasikika nyuzi zikipanda moja moja, zikikubaliana. Kisha Damari akajaribu kidogo kuona kama zimekaa sawa. Kidogo kile kikarefuka. Bibi mmoja wa Kihehe akatua kibuyu chake, akaanza kutikisa mabega, na kabla Saulo hajaelewa kinachotendeka, harusi yote ilikuwa inacheza na yeye peke yake ameketi, mikono magotini, kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

Gitaa likarudi baada ya nyimbo mbili. Saulo akapiga wimbo wake. Ulikwenda vizuri mpaka katikati, pale panapopanda, akakosea, na kutoka nyuma ya matete sauti ikasema:

"Mama, mwambie kidole kidogo!"

"Kidole kidogo!" Sekela akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua.

"Kidole kidogo!" ua mzima ukaitikia, na Saulo akaweka kidole kidogo, na wimbo ukapanda. Wakataka mwingine. Akaurudia ule ule. Wakataka mwingine tena, akaurudia, na sasa watu walikuwa wameshaujua na kila palipofika pale walikuwa wanaimba kidole kidogo kwa sauti. Kicheko kilikuwepo, tena kikubwa. Lakini safari hii Evarista alikuwa anacheka kuliko wote, shela imeteleza begani, amemshika mkono mama mkwe wake wa Kihehe na wote wawili wanainua vidole vyao vidogo hewani.

Jua lilipoanza kupungua, Silvester alibeba kigoda chake, akaomba ruhusa kwa wanawake, akaenda kuketi mbele ya Damari huko nyuma ya matete. Yeye hakuwa baba mkwe wa mtu. Alikuwa huru kutazama mikono mpaka achoke, akaomba na yeye afundishwe. Saulo akasikia. Akasogeza kiti chake hadi kwenye ua wa matete, akaugeuzia mgongo.

"Silvester."

"Naam, mzee."

"Kile kidole kidogo. Anakiweka wapi akiwa hakitumii?"

Mhehe alikuwa anatazama.

"Amekikunja," akasema. "Kimejificha nyuma ya wenzake, lakini hakijalala."

Saulo akainua mkono wake mtupu, akakunja kidole.

"Hivi?"

"Sasa mimi nitajuaje, bwana? Si kuna ua hapa katikati!"

"Basi niambie vizuri," akasema Saulo, akizidi kuuegemea ua. "Anza na gumba."